Kuseti tela la boti ndogo ya tanga: mzigo ukae kwenye mkuku

Boti ya tanga ikipata ufa watu wanalaumu mwamba au wanalaumu dhoruba, lakini boti ndogo za faiba zinaumia sana zikiwa juu ya tela, na nyingine zinaumia zikiwa zimepaki tu uani hazijaenda popote. Faiba ni nyembamba kuliko unavyodhani. Ikiwa majini, maji yanaibeba kila sehemu kwa pamoja, sasa ukiitoa ukaiweka juu ya rola mbili na vibao viwili vya pembeni uzito wote unakaa kwenye sehemu nne zenye ukubwa wa kiganja, alafu uipitishe matuta yote ya Chalinze mpaka Segera, kweli itafika Tanga salama?

Kwahiyo kabla hata hujamtafuta fundi wa kuchomelea shika hili: mkuku, yaani ule uti wa chini unaopita katikati ya boti kutoka mbele mpaka nyuma, ndo unabeba mzigo, vibao vya pembeni kazi yake kuizuia boti isilale upande basi. Ukiona tela ambalo boti imekaa juu ya vibao vya pembeni na mkuku unaelea hewani, hilo tela linaikunja boti kila siku hata kama limepakwa rangi nzuri.

Nachukua mfano wa boti inayoitwa Wayfarer, ile aliyoichora Muingereza Ian Proctor mwaka 1957, kwasababu ni saizi ya kati, urefu mita 4.82, upana mita 1.85, na bodi tupu ni kilo 169. Kama yako ni Laser, boti ndogo zaidi, mambo ni mepesi, ile ni mita 4.23 na bodi yake kilo 59 tu, troli nyingi za Laser, yaani vigari vya kuisukumia boti, zinaishikilia kwenye kingo za juu pembeni na omo, yaani pua ya boti, inakaa kwenye kiti chake mbele, tumbo haliguswi kabisa. Wayfarer na ndugu zake huwezi kuwafanyia hivo, lazima tumbo libebwe, na hapo ndo kazi ilipo.

Anza na boti, tela baadae. Fungua vifuniko vya matangi ya hewa, washa tochi uangalie ndani viambaza viko wapi, yaani zile kuta zinazoigawa boti kwa upande, na uone pale mlingoti unaposimama pameimarishwa vipi. Hizo ndo sehemu ngumu. Chukua tepu upime kutoka ukingo wa nyuma kabisa mpaka kila kiambaza, alafu nje kwenye tumbo weka alama kwa masking tepu. Usipoweza kuona ndani gonga na kifundo cha kidole, unaenda unagonga taratibu kutoka tezi, yaani nyuma ya boti, kwenda omo, penye kiambaza mlio unakuwa mzito na mfupi kama unagonga ukuta, pasipo na kitu mlio unakuwa wazi na ukibonyeza na dole gumba pananesa kidogo. Pale panaponesa usiweke kitu chochote, wala rola wala ubao, hata kama tela lilikuja na kibao chake hapohapo. Tela linarekebishika kwa spana na grainda, tumbo la boti likishapata bonde kulirudisha ni shughuli nyingine.

Kwa boti ya saizi hii unataka sehemu mbili za kubeba, tatu ukiweza. Ya nyuma iwe chini kabisa ya ukingo wa tezi au karibu nao sana. Hii narudia kwasababu ndo inakosewa kuliko zote, boti imewekwa kwenye tela fupi, nyuma imening'inia nusu mita, na ndani kuna mashine, kuna nanga, kuna maji ya mvua. Faiba inajikunja polepole kila siku kidogo mpaka tumbo la nyuma linapata mkunjo kuelekea chini, na boti yenye mkunjo huo haitakimbia tena vizuri maana badala ya kupaa juu ya maji inasukuma pua chini. Ya mbele iwe chini ya kiambaza kilicho karibu na mlingoti. Kukagua kama boti yako imeshaumia, mwagia maji tumbo lote likiwa safi alafu chuchumaa nyuma uangalie mwanga unavyokaa kwenye maji kuelekea mbele, penye bonde mwanga unakatika au unapinda, au weka rula ndefu ya aluminiamu ya fundi ujenzi uone panapopitisha hewa.

Sasa vitanda, yaani vile vibao vinavyopakata tumbo la boti juu ya tela. Kile kibao kinyoofu cha mbili kwa nne kinagusa tumbo la mviringo kwenye mstari mmoja tu, kwahiyo ni bora ukate plaiwudi ifuate umbo. Chukua boksi la friji, likate karibu na umbo la tumbo pale kwenye alama yako, lisimamishe wima likigusa boti, alafu shika penseli imefungwa kwenye kipande kidogo cha mbao, kipande kinateleza kwenye tumbo penseli inachora kwenye boksi. Ukikata kwenye mstari unapata umbo lilelile la boti. Hamishia kwenye plaiwudi ya mm 18, ile isiyoachana ikilowa, unganisha tatu kwa gundi na skurubu upate kitanda kipana, na katikati uache nafasi ya kipande cha mkuku. Mkuku ukae kwenye mbao ngumu, mninga au mvule, au rola pana yenye bonde katikati. Rola ziwe za mkuku tu. Rola za pembeni chini ya faiba nyembamba sizikubali hata kidogo, zinagusa eneo dogo mno. Wayfarer ina mikuku midogo miwili ya pembeni na yenyewe ni migumu, kwahiyo vibao vya pembeni vikikaa chini ya hiyo umepata mahali pazuri. Angalia pia kipande cha mkuku kisizibe mdomo wa sentabodi, yaani ule ubao unaoshushwa majini kupitia tundu la katikati ya boti, na sentabodi ifungwe juu kwa kamba safari nzima isije ikashuka njiani.

Juu ya kitanda weka mpira, alafu juu ya mpira kapeti ya plastiki ya nje. Mpira mtupu mweusi unaacha michirizi kwenye boti nyeupe haitoki kirahisi, na zulia la pamba linashika maji na mchanga linakuwa msasa. Misumari na skurubu za kushikia kapeti ziwe pembeni mwa ubao, isiwe hata moja upande wa juu, maana kapeti ikichakaa kichwa cha skurubu kinakutana na boti moja kwa moja.

Ukishaweka boti juu yake unarekebisha kwa karatasi. Ingiza kipande cha gazeti kati ya boti na kila sehemu inayogusa. Kwenye mkuku ukivuta gazeti lichanike, pembeni litoke kwa kuvutwa kidogo. Kama pembeni linachanika shusha vibao, kama linatoka lenyewe pandisha. Fanya pande zote mbili zilingane, usipofanya hivo boti inaegemea upande mmoja na kila shimo linagonga palepale.

Kwa maji ya chumvi mimi nashauri sana tela la vipande viwili, yaani chini kuna tela la barabarani na juu yake kuna troli nyepesi yenye matairi yake ambayo ndo inabeba boti. Ukifika ufukweni unaitelezesha troli, unaingia nayo majini, tela linabaki juu kavu. Vitanda vyote unavijenga kwenye troli, kwahiyo umeseti mara moja na boti inalala hapohapo barabarani na uani. Ni gharama zaidi mwanzoni lakini beringi zako hazionji bahari, na mtu aliyewahi kubadilisha beringi barabarani ataelewa.

Springi sasa, hapa matela yetu ya kuchomelea mtaani yana tatizo lake. Fundi anachukua ekseli ya gari lililochinjwa na springi zake za majani zote, anakupa tela la kubeba tani, wewe unaweka boti ya kilo 169. Springi hazishuki hata kidogo, kila tuta linapanda moja kwa moja mpaka kwenye tumbo la boti, ni kama umeiweka juu ya nyundo. Toa majani mpaka ukisimama nyuma ya tela lililobeba unaona linashuka. Na upepo wa matairi vilevile, usijaze mpaka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kile ni cha mzigo kamili, weka unaolingana na mzigo wako ili tairi nalo linese.

Uzito wa mbele upime usikisie. Mbele ya tela ikandamize boli ya gari, yaani ile tufe ya chuma ya kuvutia tela, kwa asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wote, kwahiyo tela na boti na vikorombwezo vikiwa kilo 400 basi mbele iwe kati ya kilo 20 na 40. Mizani ya bafuni inatosha, weka mizani chini, simamisha kipande cha mbao juu yake, kichwa cha tela kikae juu ya mbao kwa urefu uleule wa boli ya gari, soma. Mbele ikiwa nyepesi tela litaanza kuyumba kushoto kulia ukifika spidi themanini na likishaanza usikanyage breki kwa nguvu, achia mafuta taratibu. Dawa yake ni kurudisha ekseli nyuma, legeza yu-bolti, sogeza sentimita chache, pima tena. Ukisogeza boti badala ya ekseli unaviacha vitanda mahali siyo, kwahiyo ama ekseli ama troli nzima. Kichwa cha tela kilingane na boli, kichwa cha mm 50 kwa boli ya mm 50, na minyororo ya usalama ipite mkasi chini yake.

Kufunga. Mkanda wa racheti upite juu ya boti palepale kitanda kilipo chini, ili ukikaza nguvu ishuke kwenye kitanda. Mkanda ukipita katikati ya vitanda viwili na ukakaza kwa nguvu zako zote unaivunja boti wewe mwenyewe. Weka sponji au kipande cha kapeti kwenye kingo, kaza mpaka boti na tela vitikisike pamoja, hapo inatosha, na uusokote mkanda mara moja au mbili usipigepige na upepo. Mbele omo iingie kwenye kiti chake cha mpira na ifungwe kwa kamba yake peke yake, winchi ni ya kupandishia boti, usiiachie kazi ya kuishika safarini. Mlingoti ulale kwenye nguzo ya mbele na kiti cha nyuma, ufungwe sehemu tatu, waya zote zizungushwe na zifungwe zisiburuzike, na ncha inayotokeza nyuma iwe na kitambaa chekundu. Ndani ya boti toa vitu vizito, nanga na mashine viende kwenye gari, na vizibo vya maji vitolewe vyote.

Ukitoka Dar simama baada ya kilomita kumi hivi, mikanda mipya inalegea mapema, kaza tena. Alafu simama Chalinze ushike habu za magurudumu kwa mkono, vuguvugu ni sawa, ikichoma beringi imekaza sana au haina grisi, usiendelee nayo. Vijijini spidi mwisho ni hamsini na matuta mengine hayana rangi, kwahiyo pungua mapema maana tela linapita tuta baada yako na breki ya ghafla inasukuma mzigo wote mbele.

Kama tela lako ni la kipande kimoja na lazima liingie baharini, ukifika usilizamishe hapohapo. Habu za moto zikiingia maji ya baridi hewa ya ndani inajikunja na kufyonza chumvi kupita sili. Subiri zipoe, tumia huo muda kusimamisha mlingoti, chomoa plagi ya taa na ubao wa taa utoe kabisa. Ukimaliza osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, chini ya chesisi, ndani ya bomba za vyuma, kwenye springi, na uweke grisi ya baharini.

Nyumbani legeza mikanda yote, usiiache imekaza miezi. Inua mkono wa mbele wa tela ili boti iinamie nyuma na maji ya mvua yatoke kwenye vizibo vilivyo wazi, maana lita 100 za maji ni kilo 100 zimekaa kwenye tumbo ambalo uliliseti libebe boti tupu. Weka tofali nyuma na mbele ya matairi, na kila baada ya masika pitisha tena gazeti lako kwenye vitanda, mbao zinavimba na kapeti inalala, utakuta kuna sehemu imebadilika.