Jinsi ya kupima jiwe jeusi unalodhani ni kimondo cha volkano

Juzi kijana wa bodaboda alinijia kibandani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, jiwe jeusi amelifunga kwenye kipande cha leso. "Shikamoo babu. Nimeambiwa wewe ndiye mjuzi wa mawe. Hiki kimondo, nimekiokota pembeni mwa reli." Riziki yangu ni kukata vito vya Umba, ila vimondo ndio ugonjwa wangu. Tukakaa tukapima.

Kwanza ujue unatafuta nini. Kile cha Mbozi kimetuzoesha vibaya: ni donge la chuma, basi kila mtu anataka kimondo kiwe chuma. Ipo jamii nyingine adimu, yukriti, ambayo ni lava iliyoganda huko huko angani. Hata kwetu ilishaanguka, Peramiho, mwaka 1899. Kilichopatikana ni gramu 165 tu. Imejaa madini mawili: pijoniti, yaani madini ya kahawia ya jamii ya piroksini yenye kalsiamu kidogo, na plajioklesi nyeupe yenye kalsiamu nyingi. Chuma tupu karibu hamna.

Hatua ya 1: Ganda. Yukriti iliyoanguka karibuni ina ganda jeusi linalong'aa kama limepakwa vanishi. Ndani ni rangi ya jivu.

Hatua ya 2: Sugua jiwe kwenye mgongo wa marumaru, upande usiong'aa. Likiacha mstari mweusi au mwekundu, hilo ni jiwe la madini ya chuma. Kanywe chai.

Hatua ya 3: Sumaku. Hapa ndipo nilipopoteza jioni tatu zamani. Nilikuwa na jiwe lililonasa sumaku vizuri, nikalala nikijiona tajiri. Kumbe lilikuwa basalti ya kawaida. Lava nyingi za duniani zina chembe za magnetiti, na magnetiti hunasa sumaku. Yukriti haina chuma tupu cha kutosha, kwa hiyo mara nyingi haishtuki kabisa! Maana yake, wanaokuambia "lisiponasa litupe" watakutupisha yukriti ubaki na basalti. Lakini usigeuze kanuni ukasema kila lisilonasa ni yukriti. Chokaa ya Amboni nayo hainasi. Sumaku ninayoitaka mimi ni ndogo, dhaifu, imening'inizwa kwa uzi: sogeza jiwe taratibu uone kama uzi unapinda. Zile sumaku kali zinazotolewa kwenye spika au diski za kompyuta sizitaki karibu na meza yangu. Zinafuta kumbukumbu ya usumaku iliyomo ndani ya jiwe, na ni kwa kumbukumbu hiyo, katika yukriti moja ya Antaktika, wataalamu walitambua kwamba mwili mama, yaani gimba la angani lilikomeguka jiwe, uliwahi kuwa na uga wake wa sumaku.

Hatua ya 4: Kona moja, msasa wa maji, lenzi ya mkononi. Grenda usiguse, inaunguza uso wa jiwe. Unatafuta vipande vyeupe vyembamba vilivyofumana na vya kahawia. Jiwe la kijana lilikuwa laini kwa nje. Msasa ulipoingia ndani, vitundu kama vya mkate wa mofa. Mavi ya chuma, hayo, yaani taka za kuyeyushia chuma. (Ibitira, kilichoanguka Brazil mwaka 1957, ni yukriti yenye vitundu, lakini usijifariji nacho.)

Hatua ya 5: Pima uzito hewani na ndani ya maji, kisha gawa ule wa hewani kwa tofauti ya hizo mbili. Ukipata msongamano wa 2.9 hivi, endelea. Ukipata 5, acha.

Hatua ya 6: Maabara. Jicho haliwezi kuamua. Anzia Taasisi ya Jiolojia, Dodoma, wakuambie ni mwamba gani. Kinachomaliza ubishi ni uwiano wa chuma na manganisi ndani ya piroksini: yukriti huwa karibu 30, lava ya duniani karibu 40, ya mwezini zaidi ya 60. Oksijeni nayo hupimwa. Yukriti nyingi hutoka Vesta, asteroidi yenye kipenyo cha kilomita 525 hivi, ambako lava ilitiririka zaidi ya miaka bilioni 4.4 iliyopita. Chombo cha anga cha Dawn kilipoizunguka mwaka 2011 na 2012 kilikuta madini yale yale, na shimo la Rheasilvia la kama kilomita 500 huko kusini, ambako vipande vingi vilirushwa.

Ukitaka kimondo kisajiliwe rasmi, utatoa gramu 20 au asilimia 20 ya uzito wake, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Na usikiache dirishani. Hewa ya bahari hapa Tanga inakula mawe. Mimi huweka kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya boksi la viatu.