Simu ya "fundi wa Microsoft": ikikujia, fanya hivi

Ninatengeneza kompyuta hapa Kisumu, na mara nyingi huletewa mashine nzima kabisa ambayo mwenyewe ameambiwa kwa simu kwamba imejaa virusi. Mpigaji hujiita fundi wa Microsoft, huongea kwa upole, hukuita "mzazi" au "mwalimu". Wengine hawapigi: unafungua tovuti, skrini nzima inageuka nyekundu, king'ora kinalia, na namba ya kupiga imeandikwa kwa herufi kubwa.

Hatua ya 1: Kata simu. Microsoft haimpigii mtu ambaye hajaomba msaada, na maonyo halisi ya Windows hayawekwi namba ya simu. Usibishane naye wala kumpima kwa maswali. Kuongea ndiyo kazi yake. Najua wazee wetu huona vibaya kumkatia mtu simu. Heshima hiyo ndiyo anayoitegemea.

Hatua ya 2: Funga ukurasa unaolia. Usibofye chochote ndani yake, hata alama ya kufunga, maana huenda imechorwa tu. Bonyeza Alt na F4 pamoja. Ukurasa ukigoma kufunga, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, chagua kivinjari, kisha End task. Ukiwasha kivinjari tena na kikuulize kama kirudishe kurasa za awali, kataa.

Hatua ya 3: Ujue anachokuonyesha. Hapa ndipo wengi hunaswa, hata waliosoma. Atakwambia ubonyeze kitufe cha Windows na R, uandike *eventvwr*. Inafunguka orodha ndefu yenye alama nyekundu na za njano, pengine mamia. "Unaona? Zote hizo ni virusi." Ukweli ni kwamba Windows huandika humo kila kinachotokea, hata programu iliyochelewa kuwaka, na kompyuta isiyo na shida yoyote huwa nazo. Tafadhali ifungue leo ukiwa umetulia uzione mwenyewe, zisije zikakutisha siku hiyo.

Anaweza pia kukusomea namba ndefu inayoanza na 888DCA60, adai ni ya mashine yako pekee. Namba hiyo ni ile ile katika kila Windows.

Kisha atakuomba uweke AnyDesk au TeamViewer, programu za kuendesha kompyuta ya mtu ukiwa mbali. Ni programu halali, mafundi tunazitumia, ndiyo maana kinga ya virusi huwa hailalamiki. Ukimsomea namba inayotokea na kubofya kukubali, kipanya kinaanza kutembea chenyewe.

Hatua ya 4: Kama umeshamruhusu, fuata mpangilio huu. Kwanza chomoa waya wa intaneti au zima waifai. Usibadilishe neno la siri kwenye mashine hiyo. Tumia simu yako, uanze na barua pepe, kwa kuwa kupitia barua pepe mtu huweza kufungua akaunti nyingine zote. Halafu ipigie benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako. Kama umemtumia pesa kwa M-Pesa, peleka ule ujumbe wa muamala kwa namba ya Safaricom 456 papo hapo, kabla hajazitoa. Ujumbe wa kitapeli upeleke 333, ni bure.

Jihadhari na simu ya pili. Siku chache baadaye mtu anaweza kupiga akisema anakusaidia kurudishiwa pesa. Mara nyingi ni kundi lile lile. Safaricom huwapigia wateja kwa 0722 000 000 pekee, na hata hapo PIN yako haiulizwi.

Hatua ya 5: Ripoti kituo cha polisi kilicho karibu na upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Usifute ujumbe wowote. Kuna sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, na huu ni uhalifu kama wizi mwingine. Mashine ipeleke kwa fundi aiondoe programu ile kabla hujairudisha kwenye intaneti.

Na kama mzazi wako anaishi peke yake Ahero au Bondo na ana kompyuta, mwandikie kwenye karatasi namba ya fundi mnayemfahamu, uibandike kando ya skrini. Mwelewane kwamba onyo lolote likitokea, anampigia huyo kwanza.