Somo: umepanga nyumba ya zamani Marekani na una mtoto mdogo? soma hapa kwanza

Habarini wapendwa. Wiki ya kwanza tumefika huku nilichukua kisu nikaanza kukwangua rangi iliyobanduka dirishani ili papendeze, kumbe nilikua namtengenezea mwanangu sumu ya risasi (sio ya bunduki, ni yale madini, wengine wanaita ledi).

1. Uliza nyumba imejengwa lini. Rangi ya risasi ilipigwa marufuku majumbani 1978, kwa hiyo ya kabla ya hapo ihesabu inayo mpaka ipimwe. Mwenye nyumba kisheria anatakiwa akwambie anachojua na akupe kijitabu cha EPA (shirika la serikali la mazingira) KABLA hujasaini mkataba.

2. Angalia madirisha. Yale ya kupandisha na kushusha yanasuguana kila siku, rangi inakua unga, unga unadondoka pale pale mtoto anapotambaa alafu mkono huo mdomoni. Watu wanadhani mpaka ale magamba ya rangi, hapana, vumbi tu linatosha.

3. Usikwangue, usipige msasa, usifagie kavu. Tambara lenye maji na sabuni, futa dirisha, piga deki, tambara tupa. Viatu mlangoni, hilo kwetu sio geni.

4. Mtoto apimwe damu. Wakimbizi wanapimwa ndani ya siku 90 za kufika, wadogo wanarudia miezi 3 hadi 6 baadaye. Hiyo ya pili msiiruke jamani, mtoto anaweza kufika na damu safi akaipata humu humu ndani. Mwaka 2000 kule Manchester, New Hampshire, mtoto wa miaka 2 wa wakimbizi wa Sudan alifariki kwa sumu hii, hata miezi miwili nchini hawajamaliza.

MASWALI

Swali: wangu damu imetoka 5 (mikrogramu za risasi kwa desilita ya damu) ila anacheza na kula vizuri, nihofie?
Jibu: ndio dada. Tangu 2021 CDC (taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa) wanashtuka kuanzia 3.5, na dalili mara nyingi huzioni. Kama alitobolewa kidole warudie ya mshipa, maana kidole kikiwa na vumbi kipimo kinadanganya. Na dagaa, maharage, machungwa asikose, vinasaidia mwili usinyonye risasi nyingi.

Swali: mwenye nyumba kamtuma fundi na msasa wa umeme!!
Jibu: toa watoto kwanza. Anayelipwa kuvuruga rangi hiyo zaidi ya futi 6 za mraba chumbani lazima kampuni yake iwe na cheti cha EPA, hana basi pigia idara ya afya ya mji.

Swali: bibi katuma wanja wa kumpaka mtoto machoni, nao?
Jibu: usimpake, wanja mwingine ni risasi hiyo hiyo imesagwa. Bibi mwambie tu wanja umefika salama 😀