Somo: Kumkinga mgonjwa wa mashine ya kupumulia asipate nimonia

Wauguzi wenzangu, mgonjwa akishawekewa mpira kooni (bomba la kumpitishia hewa ya mashine) hamezi wala hakohoi vizuri. Mate hutuama juu ya puto linalozunguka mpira huo ndani ya koo la hewa, kisha huchuruzika kidogo kidogo hadi mapafuni pamoja na vijidudu. Nimonia ikimwanza saa 48 au zaidi baada ya kuwekewa mpira, ndiyo hii ninayoisema.

Nawa mikono kabla na baada ya kumgusa. Kisha:

1. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, ila kama daktari amekataza, mfano ameumia uti wa mgongo. Soma kipimo cha kitanda, usikadirie kwa macho. Katika utafiti wa Barcelona uliochapishwa 1999, nimonia iliyothibitishwa maabara iliwapata asilimia 23 ya waliolazwa chali, na asilimia 5 tu ya walioinuliwa. Nasisitiza hili kwa sababu nimeliona mara nyingi mno: tunamlaza chali tumwogeshe, tunabadilisha shuka, tunaondoka bila kumwinua tena.

2. Pima presha ya puto kila zamu: sentimita 20 hadi 30 za maji. Ikipungua, mate hupita; ikizidi, koo la hewa huumia.

3. Mpigie mswaki, ukifyonza mate usiyaache yarudi nyuma.

4. Kila asubuhi muulize daktari: dawa ya usingizi ipunguzwe? Ajaribiwe kupumua mwenyewe? Kwangu hii ndiyo kinga kubwa kuliko zote, maana kila siku anayobaki na mpira ni siku nyingine ya hatari.

Maswali ya wanachama

Swali: Mirija ya mashine tuibadilishe kila baada ya siku ngapi?
Jibu: Haina ratiba. Badilisha ikichafuka au ikiharibika. Maji yanayojikusanya ndani yamwage kuelekea mbali na mgonjwa, kamwe yasirudi kwake.

Swali: Dada, sisi bado tunasafisha kinywa kwa klorheksidini, ile dawa ya kuua vijidudu. Tuache?
Jibu: Mwongozo wa Marekani wa 2022 unashauri isitumike, maana huenda ikaongeza vifo. Mswaki unabaki. Lipelekeni kwa timu yenu ya kuzuia maambukizi.

Swali: Akipata homa tu, aanzishiwe antibiotiki?
Jibu: Homa peke yake haitoshi. Tazama makohozi, oksijeni na picha ya kifua, umwite daktari mapema. Sampuli ya makohozi ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, lakini kama hali yake inashuka haraka, dawa isisubiri.