Mgongo wazi na Agent Orange: kudai malipo ya mtoto wa mwanajeshi wa Marekani

Agent Orange ni sumu ya kuua mimea ambayo jeshi la Marekani liliinyunyiza Vietnam wakati wa vita. Mzazi akiwa alitumikia Vietnam kati ya 9 Januari 1962 na 7 Mei 1975, mtoto wake mwenye mgongo wazi (spina bifida, uti wa mgongo usiofunga vizuri tangu tumboni) anaweza kulipwa kila mwezi, hata akiwa mtu mzima. Jaza fomu 21-0304 ya VA, idara ya Marekani ya wanajeshi wa zamani. Ambatanisha cheti cha kuzaliwa, hati ya kuachishwa jeshi (DD 214) na ripoti ya daktari.

Kwenye ripoti ndipo madai hukwama. Mwombe daktari ataje aina: ile iliyofichika chini ya ngozi, okulta, hailipwi. Mimba nayo iwe ilitungwa baada ya mzazi kukanyaga Vietnam.

Aliyekuwa jeshini akiwa mama, hukubaliwa pia mdomo sungura na kasoro nyingine zisizo za kurithi. Akiwa baba, mgongo wazi tu. Ubaguzi, lakini ndiyo sheria.