Kubadilisha Pedi za Breki za Pikapu ya Kazi Nzito

Pikapu inayobeba mzigo mkubwa na kuvuta trela hulazimika kugeuza nguvu nyingi ya mwendo kuwa joto kila dereva anapokanyaga breki, na joto hilo huzalishwa pale pedi zinapobana diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Kubadilisha pedi hizo ni kazi ambayo mtu mwangalifu mwenye vifaa vya kutosha anaweza kuifanya mwenyewe. Ieleweke, hata hivyo, kwamba kuchomoa pedi kuukuu na kuweka mpya ni sehemu ndogo tu ya kazi. Sehemu kubwa ni kusafisha na kulainisha mahali pedi na kalipa (kifaa ambacho pistoni zake huzibana pedi kwenye diski) zinapoteleza. Hatua hiyo ikirukwa, hata pedi bora zitakwisha kabla ya wakati.

Pedi mpya huwa na unene wa takriban milimita 10 hadi 12 bila kuhesabu bamba lake la chuma. Zikibaki na milimita 3 zibadilishwe, na zibadilishwe kulia na kushoto pamoja kwenye ekseli moja, kwa maana upande mmoja ukishika kuliko mwingine gari huvutwa pembeni wakati wa kufunga breki.

Egesha gari mahali pagumu palipo tambarare, weka kabari kwenye magurudumu yatakayobaki chini, kisha legeza nati za gurudumu kidogo kabla ya kuinua. Ukifanya breki za nyuma, handibreki itabidi iachiwe, hivyo kabari za mbele ndizo zitakazolizuia gari na zinapaswa kuwa madhubuti. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishapanda, likalie kwenye stendi zenye uwezo wa kubeba uzito wake, zikiwekwa pale kitabu cha gari kinapoelekeza. Tofali na vipande vya mbao havifai kabisa, kwa kuwa hupasuka ghafla chini ya uzito wa namna hii.

Gurudumu likishatoka, fungua bolti za kalipa, inyanyue, kisha ifunge kwa waya kwenye springi au chesi. Isiachwe kamwe kuning'inia kwa hozi yake ya mpira, kwa sababu hozi inaweza kuumia ndani bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje. Usipulize vumbi la breki kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe kwa dawa ya kusafishia breki, kwani halifai kuvutwa mapafuni, na pedi za zamani huenda zina asbesto.

Kabla ya kuzitupa pedi kuukuu, zitazame vizuri. Ikiwa ya ndani imelika sana kuliko ya nje, mara nyingi pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekwama, au pistoni hairudi vizuri. Pedi iliyolika upande mmoja kama kabari inaonyesha kwamba ilikuwa haitelezi sawasawa kwenye breketi, yaani fremu ya chuma inayozishikilia pedi. Pima pia diski kwa maikromita, kisha linganisha na unene wa chini unaoruhusiwa, ambao kwa kawaida huandikwa kwenye diski yenyewe. Diski iliyopungua chini ya kipimo hicho, au yenye nyufa, haina budi kubadilishwa.

Sasa ondoa vibati vidogo ambavyo pedi huteleza juu yake, usugue breketi kwa brashi ya waya mpaka kutu yote iliyojificha chini yake iishe, kwa kuwa kutu hiyo huvisukuma vibati na kuzibana pedi. Chomoa pini moja moja, zipanguse, zipake grisi ya silikoni au nyingine iliyotengenezewa breki, na uirudishe kila moja kwenye tundu lake, maana huenda hazifanani. Grisi ya kawaida ya petroli huvimbisha mipira ya pini.

Kalipa za pikapu hizi mara nyingi zina pistoni mbili. Laza pedi kuukuu juu ya zote mbili na uzirudishe pamoja, polepole, kwa klampu. Ukisukuma moja peke yake, nyingine hutoka nje. Chungulia chombo cha mafuta ya breki wakati huo ili yasifurike, kwani huharibu rangi ya gari.

Weka vibati na pedi mpya bila kugusisha grisi kwenye uso wa msuguano, kisha kaza bolti kwa torki (kipimo cha nguvu ya kukazia) iliyo kwenye kitabu. Nati za gurudumu, ambazo kwa kawaida ni nane, zikazwe kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Pikapu nyingi za aina hii huhitaji torki ya takriban nyutoni-mita (Nm) 180 hadi 225.

Kabla ya kuliondoa gari, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kwa sababu mikanyago ya kwanza itazama bila kushika. Kisha, kwenye barabara isiyo na magari, punguza mwendo taratibu kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, mara nane hivi bila kusimama kabisa, na uendeshe kidogo bila breki ili diski zipoe. Baada ya kilomita 80 hadi 160, kaza tena nati zote kwa torki ile ile.