Somo: Kuandaa paa la bati kabla ya mvua ya mawe

Wakuu, wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu hapa Mufindi, kilio kimoja: "Fundi, mawe yametoboa bati." Nimepanda nyumba zote tatu. Tundu la jiwe sikuona hata moja. Maji yalikuwa yanapita kwenye misumari.

Jiwe la saizi ya gololi hubonyeza tu bati zima. Likibonyea hulegeza msumari, na kama mpira wa chini ya kofia yake umeshakaushwa na jua, ndiyo basi.

1. Panda bati likiwa kavu, ukanyage kwenye mstari wa misumari, maana chini yake kuna papi, zile mbao zinazobeba bati. Kila msumari uusukume kwa dole gumba. Unaocheza ung'oe, weka mnene zaidi wenye mpira mpya. Upigwe kwenye mgongo wa bati, sio bondeni maji yanakopita. Ukigongelea mpaka mpira ubinuke kama mdomo wa mtoto aliyenuna, umezidisha. Vijana wengi wanaharibu hapo.

2. Ingia darini na tochi. Papi zikiachana sana bati linachezacheza likipigwa. Ongeza moja katikati.

3. Safisha gata kabla ya Novemba. Huku miti ya misindano inaziziba kwa majani, barafu inajaa juu yake, maji yanarudi chini ya bati hadi darini.

4. Lile bati la plastiki la kupitisha mwanga ndilo linalotoboka kweli. Likishakuwa la njano hukatika kama biskuti. Badilisha, usilizibe kwa gundi.

Anayejenga upya akumbuke: namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30. Rangi nzuri haizuii jiwe.

MASWALI

Mkuu, mzee wangu ameweka matairi juu ya bati. Yanasaidia?
Kwa mawe, hapana. Yanakwangua zinki na kutunza maji, kutu inaanzia hapo. Mshushie taratibu, wazee hawapendi kuguswa matairi yao.

Nyumba ya urithi ina paa la asbesto, limepasuka kidogo. Nitoboe niweke kiraka?
Usitoboe, usikate, usipande. Vumbi lake linaua mapafu. Tafuta wanaojua kuliondoa.

Kuta zangu ni za tope, nianzie wapi?
Kwenye kuta. Mwakata, Kahama, Machi 2015, mvua ya mawe na upepo iliua watu zaidi ya 40, nyumba zikiwaangukia. Refusha ukingo wa paa na chimba mtaro wa kutoa maji msingini, ndipo uje kwenye misumari.

Mawe yakiwa yanaanguka, naweza kupanda na turubai?
Na radi zile? Kinga ndoo, ukae mbali na dirisha. Kesho yake bati likikauka, nipigie.